Nyumba iliyojengwa bila kibali: jinsi notisi ya ukiukaji inavyomalizwa

Mwenye nyumba anayepokea notisi ya ukiukaji wa kanuni za ujenzi kwa kawaida huyaona kwanza maneno makali yaliyomo: tarehe ya mwisho, faini, na pengine kubomoa. Mstari unaostahili kusomwa kabla ya hayo yote ni ule unaotaja kifungu kinachodaiwa kuvunjwa, kwa kuwa humo ndimo mamlaka inaposema hasa inataka nini. Notisi moja inaweza kudai kwamba chumba kiliongezwa bila kibali, nyingine kwamba chumba hicho kimeingia ndani ya nafasi inayopaswa kuachwa wazi kutoka mpaka wa kiwanja, nyingine kwamba nyaya za umeme zilizomo ni za hatari, na nyingine ikadai yote matatu kwa pamoja. Kila dai lina dawa yake, na anayekimbilia kutibu lisilotajwa hupoteza siku zilezile anazohesabiwa.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba nyumba huwa chini ya sheria mbili ambazo watu wengi huzichukulia kuwa moja. Sheria ya mipango miji huuliza kama jengo linaruhusiwa kuwepo mahali hapo: kama kiwanja ni cha makazi au cha biashara, kama ukuta uko mbali ya kutosha na mpaka na barabara, kama jengo limezidi urefu unaokubalika au limefunika sehemu kubwa mno ya ardhi. Kanuni za ujenzi huuliza kama jengo hilo, likishakubaliwa kuwepo, limejengwa salama: msingi wake, nguzo zake, paa, umeme, maji taka, na njia ya kutokea moto ukizuka. Mara nyingi maswali haya mawili hushughulikiwa na idara mbili zenye mafaili mawili, na kukubaliwa na idara moja hakuifungi nyingine. Chumba kilichojengwa kwa ustadi wa hali ya juu kinaweza kukataliwa kwa sababu tu kimesogea mita moja kuelekea kwa jirani, na hapo ripoti ya mhandisi haisaidii kitu. Kinachotakiwa ni ombi la kulegezewa sharti la mipango, au ukuta kurudishwa nyuma. Kwa sababu hiyo swali la mipango miji linapaswa kuulizwa mwanzo kabisa, hata kama notisi haikulitaja, maana kumlipa msanifu achore na mhandisi apime chumba ambacho hakiruhusiwi kuwepo ni kutupa fedha.

Likishavukwa hilo, tunafika kwenye kiini cha suala. Wengi hudhani kosa la kujenga bila kibali ni karatasi iliyokosekana, na kwamba ukilipa ada na faini karatasi itatolewa na mambo yataisha. Kibali, hata hivyo, ni mlango wa kuingilia katika mfululizo wa ukaguzi ambao kila mmoja una wakati wake. Kanuni ya mfano, yaani iliyoandikwa ili majimbo na miji iifanye sheria yake, iitwayo International Residential Code, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000 na kupokelewa katika sehemu kubwa ya Marekani, inaeleza mpangilio huo waziwazi: msingi hukaguliwa mtaro ukiwa umechimbwa na nondo zikiwa zimepangwa lakini zege halijamwagwa, mabomba na nyaya hukaguliwa kabla ukuta haujafunikwa, na kiunzi cha kuta na paa hukaguliwa kikiwa bado kinaonekana. Nchi nyingine zina hatua zao, lakini mantiki ni hiyohiyo: mkaguzi huja kuona kile ambacho kesho hakitaonekana. Aliyejenga bila kibali alizipita hatua hizo zote bila shahidi, na kazi ya kumaliza ukiukaji, ukiondoa ada na fomu, ni kuyafanya yaliyofunikwa yaonekane tena kwa kiasi cha kumtosheleza mtu ambaye hakuwepo.

Hatua ya kwanza ni kusimama. Ikiwa kazi bado inaendelea, iachwe siku hiyohiyo, hasa kama imetolewa amri ya kusimamisha ujenzi, kwa sababu kuipuuza amri hiyo ni kosa jipya linalojitegemea na mara nyingi adhabu yake ni kubwa kuliko ya kosa la awali. Kinachosahaulika ni kwamba kubomoa nako kunahitaji kusimama. Wapo wanaopata notisi, wakashikwa na hofu, na kuangusha ukuta wikendi hiyo wakidhani wanaonyesha utii; kumbe ubomoaji wenyewe huhitaji kibali katika sehemu nyingi, na ukuta ulioangushwa unaweza kuwa ndio uliobeba boriti ya sakafu ya juu, au ndio uliokuwa ushahidi pekee wa jinsi nyaya zilivyopitishwa. Kuharakisha kuficha ni kubaya zaidi, na tutalirudia.

Hatua ya pili ni kuijibu mamlaka kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho, hata kama jibu lenyewe ni la kusema kwamba mtaalamu anatafutwa na kuomba muda zaidi. Ofisi nyingi hutoa nyongeza ya muda kwa mtu anayeonyesha hatua anazochukua, na chache humvumilia aliyekaa kimya. Barua hiyo iulize mambo machache: ni kazi gani hasa inayodaiwa kuvunja kanuni, toleo gani la kanuni litakalotumika kuipima, michoro ya aina gani inatakiwa, nani anaruhusiwa kuichora, na sehemu zipi zitapaswa kufunuliwa. Mkaguzi wa majengo kwa kawaida hujibu maswali hayo bila kinyongo, kwa kuwa faili lililokwama humkera yeye pia. Yafaa tu kukumbuka kwamba yeye si mshauri wa mwenye nyumba: hapaswi kuchora suluhisho, na anachoelezwa anaweza kukiandika. Kumweleza ukweli uliopimwa ni busara. Kumsimulia kila kitu kilichowahi kufanywa nyumbani tangu ilipojengwa si lazima.

Kabla ya kuomba kibali cha baada ya kazi, inafaa kuhakikisha kwamba kazi ilikihitaji kweli. Kila mfumo una orodha ya kazi zilizosamehewa. Katika ile kanuni ya mfano ya Marekani, kupaka rangi, kuweka vigae na kubadilisha makabati hakuhitaji kibali, na matoleo yake ya miaka ya karibuni yanasamehe kibanda cha ghorofa moja kilichojitenga na nyumba kisichozidi futi 200 za mraba, yaani takriban mita 18.6 za mraba, ingawa miji mingi hupunguza kiwango hicho. Zipo notisi zilizofutwa kwa sababu mwenye nyumba alipima kibanda chake na kuwasilisha vipimo. Hata hivyo msamaha wa kibali haumaanishi msamaha wa kanuni: kibanda kidogo kisichohitaji kibali bado hakiruhusiwi kujengwa juu ya chemba ya maji taka, na ukikiwekea umeme, umeme huo una kibali chake.

Ikiwa kibali kilihitajika, kazi kubwa sasa ni ushahidi. Huanza na michoro ya hali halisi, yaani michoro inayoonyesha jengo lilivyo leo, kila ukuta, dirisha, ngazi na soketi mahali pake, na si lilivyokusudiwa kuwa. Mtu anayechora kwa kutamani, akaweka dirisha pana kidogo kuliko lilivyo ili likidhi kanuni, anajitengenezea tatizo ambalo mkaguzi atalimaliza kwa futi kamba katika nusu dakika. Pamoja na michoro hukusanywa kila kilichobaki cha wakati wa ujenzi: picha za simu zilizopigwa msingi ukiwa wazi, risiti za nondo na saruji, mkataba wa mkandarasi, hata ujumbe ambao fundi aliutuma kuuliza vipimo. Picha yenye tarehe inayoonyesha nondo ndani ya mtaro kabla ya zege inaweza kuokoa sehemu kubwa ya sakafu isivunjwe, ingawa si kila mkaguzi atakayeikubali peke yake.

Pasipokuwa na picha, hufunuliwa. Hapa ndipo watu wengi hushtuka, kwa sababu hudhani kufunua ni kubomoa. Mhandisi wa miundo anayejua kazi yake huchagua sehemu chache zinazosema mengi: shimo moja pembeni mwa msingi hadi chini yake ili kupima kina na upana, kipande cha plasta au cha ubao wa jipsamu kinachoondolewa pale boriti inapokalia nguzo, kifuniko cha dari kinachofunguliwa ili kuona jinsi kenchi zilivyofungwa. Ndani ya zege hutumia kifaa cha kutambua nondo bila kuvunja, na penye shaka hutoboa sampuli na kuzipeleka maabara zikapimwe nguvu. Kisha anaandika ripoti iliyotiwa saini na muhuri akieleza alichokiona, alichokikokotoa, na asichoweza kukithibitisha. Sehemu hiyo ya mwisho huwatia wateja hofu, lakini ripoti inayokiri mipaka yake humpa mkaguzi sababu ya kuamini yaliyobaki. Umeme na mabomba huwa rahisi zaidi: fundi umeme mwenye leseni anaweza kupima uhimilivu wa nyaya, kuunganishwa kwa ardhi na utendaji wa breka bila kufungua ukuta wote, na mabomba yanaweza kujazwa maji au hewa yakapimwa kama yanavuja.

Penye matatizo ya kweli, aghalabu yako mahali pale pale. Ukuta uliotolewa ili kupanua sebule mara nyingi ulikuwa umebeba mzigo, na boriti iliyowekwa badala yake ni ndogo au imekalia tofali tupu bila nguzo. Chumba cha kulala kilichotengenezwa chini ya ardhi au darini hakina njia ya kutokea. Kanuni ya mfano niliyoitaja inadai dirisha la dharura katika chumba cha kulala liwe na uwazi halisi wa angalau futi 5.7 za mraba, kama mita 0.53 za mraba, na kizingiti chake kisiwe juu ya sentimita 112 kutoka sakafuni, ili mtu aweze kutoka na mzimamoto mwenye mzigo mgongoni aweze kuingia. Dari la chumba hicho liwe angalau mita 2.13 hivi kutoka sakafuni. Ngazi nazo hunasa wengi: kila kipandio kisizidi sentimita 19.6 kwenda juu, kikanyagio kisipungue sentimita 25.4, na vipandio vilingane, kwa kuwa mguu huzoea kipimo kimoja na hujikwaa kwenye kinachotofautiana. Namba hizo hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Sababu zake hazibadiliki. Anayezielewa sababu hizo huweza kupendekeza njia mbadala ambayo mamlaka itaikubali, ilhali anayebishana na namba peke yake hushindwa.

Swali linalozua mabishano kuliko mengine ni hili: kazi iliyofanywa miaka 15 iliyopita ipimwe kwa kanuni ya wakati ule au ya leo? Hakuna jibu moja. Nchini Uingereza, katika mfumo wa England, kuna cheti cha uhalalishaji kinachoombwa kwa halmashauri kwa kazi iliyofanywa bila taarifa kuanzia tarehe 11 Novemba 1985, na kazi hupimwa kwa masharti yaliyokuwa yakitumika ilipofanywa. Mamlaka nyingi za Marekani huidai kanuni ya sasa kwa hoja kwamba aliyekwepa kibali asifaidike na ukwepaji wake, na nyingine hukubali kanuni ya zamani ikiwa mwenye nyumba atathibitisha mwaka wa ujenzi. Uthibitisho huo unaweza kutoka kwenye picha za angani za zamani, kumbukumbu za kodi ya majengo, au ankara za umeme. Pia kibali kipya huweza kuamsha masharti yasiyohusu kazi yenyewe: katika kanuni ya mfano ya Marekani, ukarabati wa ndani unaohitaji kibali huleta sharti la nyumba nzima kuwekewa vitambua moshi kama nyumba mpya. Ni vyema kulijua hilo kabla ya kupanga bajeti.

Baada ya ushahidi kuonekana, njia ni tatu. Kazi inaweza kukubaliwa ilivyo, jambo linalotokea mara nyingi kuliko wamiliki wanavyotarajia. Inaweza kukubaliwa kwa marekebisho: boriti kuongezewa nguvu, dirisha kupanuliwa, saketi kugawanywa. Au inaondolewa na nyumba kurudishwa ilivyokuwa. Baina ya ya pili na ya tatu kuna njia ya pembeni ambayo watu huisahau, nayo ni kubadili matumizi. Chumba cha darini kisichoweza kukidhi masharti ya kulala kinaweza kukubaliwa kama stoo, mradi kile kinachokifanya chumba cha kulala kiondolewe na hilo liandikwe kwenye kibali. Anayekubali njia hii aikubali kwa dhati, kwa sababu kuirudisha stoo kuwa chumba cha kulala baada ya faili kufungwa humfanya mkosaji wa mara ya pili, naye sasa hawezi kusema kwamba hakujua.

Katika kuchagua kati ya kurekebisha na kuondoa, gharama ya ujenzi ni sehemu tu ya hesabu. Nyongeza isiyo na kibali huweza kuipa kampuni ya bima hoja ya kukataa kulipa madhara yaliyoanzia hapo, benki inayotoa mkopo wa nyumba huweza kukataa kuhesabu chumba hicho katika thamani, na mnunuzi mwenye wakili makini atashusha bei au ataondoka. Kwa upande mwingine, baraza la nje lililoungwa vibaya na nyumba, ambalo marekebisho yake yanahitaji msingi mpya, nguzo mpya na paa jipya, kwa maoni yangu ni afadhali liondolewe. Kulihalalisha ni kulijenga upya kwa bei ya juu zaidi.

Wapo wanaofikiri kwamba dawa ni kusubiri tu, kwa kuwa wamesikia kuna ukomo wa muda. Ukomo huo upo katika baadhi ya mifumo, lakini si ngao wanayoidhania. Katika England, muda wa mamlaka ya mipango kuchukua hatua dhidi ya ujenzi ulikuwa miaka 4. Tangu tarehe 25 Aprili 2024 umekuwa miaka 10. Upande wa kanuni za ujenzi, notisi ya kutaka kazi ibadilishwe au iondolewe ilikuwa na muda wa miezi 12 tu baada ya kazi kukamilika, na tangu Oktoba 2023 muda huo nao ni miaka 10. Na aliyeficha hasaidiwi. Mkulima mmoja wa Surrey alijenga jumba la mtindo wa ngome nyuma ya ukuta mkubwa wa marobota ya majani makavu, akaishi humo kwa siri hadi mwaka 2006 alipoyaondoa, akidai kwamba miaka 4 imeshapita. Mahakama Kuu ilimkatalia mwaka 2010, kwa sababu marobota yenyewe yalihesabiwa kuwa sehemu ya ujenzi usiokamilika hadi yalipoondolewa, na jumba lilibomolewa mwaka 2016. Kwingineko hakuna ukomo kabisa, hasa pale penye hatari kwa maisha.

Kuhusu nani alipe, kanuni ya jumla inauma: mamlaka hushughulika na mwenye nyumba wa sasa, hata kama kazi ilifanywa na aliyemtangulia au na mkandarasi aliyeapa kwamba kibali kipo. Madai dhidi ya mkandarasi au muuzaji ni kesi nyingine, inayoendeshwa kwa mkataba na kwa yale yaliyosemwa wakati wa mauzo, na haisimamishi siku za notisi. Mkandarasi anayesema kazi kama hii "haihitaji kibali" aombwe aliandike hilo na kutia saini. Wengi hubadili maneno hapo hapo. Ada ya kibali cha baada ya kazi kwa kawaida huwa kubwa kuliko ya kawaida, na katika miji mingi ya Marekani huwa mara mbili, kando na faini yoyote. Faini zenyewe mara nyingi hupunguzwa ukiukaji ukimalizwa ndani ya muda, lakini upunguzo huo huombwa, haujileti.

Rufaa ipo kwa anayeamini notisi imekosea, iwe ni kuhusu tarehe, kipimo au tafsiri ya kifungu. Muda wake ni mfupi, aghalabu wiki chache tangu notisi ilipopokelewa, na anayejadiliana na mkaguzi kwa nia njema bila kukata rufaa anaweza kujikuta muda umepita huku mazungumzo yakiendelea. Katika hali ya mashaka ni salama kuwasilisha rufaa na kuendelea kuzungumza, kwa sababu inaweza kuondolewa baadaye.

Kibali kikishatolewa, kazi haijaisha. Kibali huweza kufa: katika kanuni ya mfano ya Marekani kinapoteza nguvu ikiwa kazi haijaanza ndani ya siku 180 au imesimama kwa muda kama huo, na notisi iliyokuwa imesimamishwa kwa ajili yake hurudi kuwa hai. Marekebisho yafanywe, kila ukaguzi uombwe kwa wakati wake, na ukaguzi wa mwisho usiachwe kwa kuwa fundi ameshaondoka na maisha yamerudi kawaida. Mafaili mengi ambayo hushtua wauzaji wa nyumba miaka mingi baadaye yalikwama hapo, kwenye ziara moja ambayo haikuombwa. Baada ya ukaguzi huo idaiwe hati ya kukamilika kwa ujenzi, na pamoja nayo barua inayosema kwamba notisi ya ukiukaji, kwa namba yake, imefungwa, kwa sababu idara inayotoa hati ya kukamilika huenda siyo iliyotoa notisi. Ikiwa mamlaka ilisajili zuio au deni dhidi ya hati ya nyumba, kuondolewa kwake katika msajili wa ardhi ni ombi la pekee lenye fomu yake, na mwenye nyumba ndiye anayepaswa kulipeleka, kisha baada ya wiki kadhaa kuomba nakala mpya ya usajili na kuisoma kuona kwamba zuio hilo halimo tena.